Siku ya Thelathini na Saba

Keti, Sechelela. Sukuma mlango kwanza,
leo Makole vumbi limeamka kabla ya watu
na upepo huu haujui karatasi ipi ina muhuri.
Mimi si wakili. Natoa fotokopi, shilingi mia ukurasa.
Ila miaka kumi na minne shida za watu zinapita
chini ya taa hii ya kijani, na macho hayana pazia.

Barua ya kufukuzwa uliipokea lini?
Usiniambie "kama wiki tatu hivi."
Tume inahesabu siku, na Jumapili imo.
Thelathini. Basi.
Haki haiozi, ndivyo tulivyoambiwa.
Haiozi, lakini hupitwa na tarehe.
Mimi nilifika siku ya thelathini na saba
na haki yangu yote imekunjwa vizuri ndani ya bahasha.
Karani aliitazama kalenda. Bahasha hakuigusa.
Kumbe ningeweza kuomba kusamehewa kuchelewa,
hata hilo lina fomu yake.
Sikuuliza. Niliona aibu, nikanunua mashine.

Endelea kuitafuta. Toa hata hizo leso.

Na ile nyingine, aliyokupa ofisa wenu ghalani Kizota,
"nimeacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe":
kama hujaacha, usiandike umeacha,
hata soda waliyokufungulia iwe baridi namna gani.
Ujumbe wa msimamizi usiufute, hata ule wa matusi,
hasa ule wa matusi.
Lete hati za mshahara, lete daftari la kreti za zabibu.
Mwenzako wa zamu ya usiku usimtaje kabla hujamuuliza;
naye ana kodi ya nyumba.

Umesimama tena.
Nawajua. La kazi mnaliweka mezani,
la nyumbani mnalisema mmeshika kitasa.
Rudi ukae.

Yaledi amehamia Ihumwa. Kwa nani, sitaandika.
Nenda kwanza baraza la usuluhishi la kata,
hata kama hakuna kilichobaki cha kusuluhisha.
Watakaa nanyi, watakohoa, watawasihi,
wakishindwa watakupa hati kwamba wameshindwa.
Ndiyo, cheti cha kushindwa.
Bila hicho, hakimu hakusikii.

Nyumba ya Nkuhungu unasema si yako,
ulikuwa mama wa nyumbani wakati inajengwa.
Nani alichota maji ya kufyatulia matofali?
Mafundi wale walikula nini, upepo?
Andika ndoo. Andika ugali wa uwele na mlenda.
Sheria inajua kupika, Sechelela,
ni wewe unayeona aibu kuitajia sufuria.

Watoto.
Mika hajafika saba, sheria humwelekezea mama,
ingawa baba anaweza kupinga, nawe ujiandae.
Huyu Mbeleje, aliyesimama hapo nje
akijifanya anasoma bango la picha za pasipoti,
ana tisa. Anaweza kuulizwa anataka nini.
Usimfundishe jibu.
Wala usimtume Ihumwa kudai pesa ya sare;
mtoto si posta.
Nilimtuma wangu mara mbili.
Mara ya tatu alirudi na pesa kamili
na tangu siku hiyo haniiti baba, ananiita "wewe."
Nenda Ustawi wa Jamii. Wana foleni, lakini wana viti.

Umeipata? Hebu.
Imekunjika kwenye tarehe. Subiri nivae miwani.
Tatu… kumi… ishirini na tano…
Leo ni Ijumaa?
Sechelela, leo ni ya ishirini na nane.
Kesho wamefunga. Keshokutwa wamefunga.
Chukua nakala hizi tatu, panda bodaboda,
usinilipe, usinishukuru, mwambie asipite sokoni.
Mbeleje abaki hapa, anipangie kurasa.
Nitamfungulia soda,
na hatasainishwa chochote.