Sikio la Kushoto

Saa kumi alfajiri Kiamaiko haijalala.
Lori la Marsabit limeshusha siku mbili za njia:
mbuzi mia na ishirini, vumbi la Chalbi kwenye kope,
na wawili waliofia Isiolo
wakilaliwa na wenzao.

Mimi ni mkaguzi wa nyama.
Koti langu ni jeupe mpaka saa kumi na moja.
Kisu kiunoni, muhuri wa zambarau mfukoni.
Wengine husoma magazeti, mimi husoma maini:
ini hunieleza walikunywa dimbwi gani,
figo isiyo na mafuta huniambia
mvua ya Aprili iliahidi tu, ikapita.
Miaka mitatu sijafika nyumbani.
Nyumbani hunijia, kichwa chini, kwenye ndoano.

Ndoano ya thelathini na nne.
Nilipasua kifua, yakamwagika maji
ya rangi ya nyasi kavu.
Pafu moja jepesi, la waridi, kama lilivyoumbwa.
La pili limekuwa zito kama ini,
limeng'ang'ania mbavu
kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.
Homa ya mapafu. Sikuhitaji kitabu.
Kichwa kilikuwa sakafuni pamoja na vingine.
Nilikigeuza kwa ncha ya buti
nikaona sikio la kushoto:
pengo mbili, tundu moja.
Alama ya boma letu. Mkono wa shangazi Elema.

Wiki mbili nyuma alinipigia
kutoka kile kilima cha Maikona
ambako mtandao hupatikana ukisimama kwa mguu mmoja.
"Wanakohoa," alisema. "Usiku si mbuzi tena,
ni wazee wa tumbaku."
Ofisini alikwisha kwenda. Gari halikuwa na mafuta.
Alikwenda tena. Mafuta yalikuwepo, dereva hayupo.
Nami, mwenye cheti, mwenye muhuri,
nilimjibu: Uza.
Uza upesi, kabla bei haijajua.

Dabaso alisimama nyuma yangu, kalamu sikioni.
Yeye huchukua kwa mkopo, hulipa akishauza.
"Piga tu," akaninong'oneza. "Huyu si ni wa kwenu?
Nyama haikohoi."

Kweli, nyama haikohoi.
Muhuri ulikuwa umelowa wino tayari.
Elfu saba. Karo ya Tumme, na gunia la unga,
na deni la dukani ambalo shangazi halitaji
ila kwa kulizunguka.
Mlangoni mama wa supu walikuwa wanapanga sufuria,
na watoto wa Huruma wangepita hapo kabla ya shule,
kila mmoja na kikombe chake.

Nikaukata mzoga mikato mirefu,
nikaumwagia ile rangi ya buluu
isiyosikia maombi.
Dabaso akatema mate, akafungua daftari,
akafuta jina.
Halikuwa jina la mbuzi.

Saa nne nilimpigia.
Nikamweleza nilichokiona, na kinavyoitwa.
Tenga wanaokohoa, nikasema. Usiwapeleke kisima cha watu.
Nitaandika barua kuhusu chanjo.
Jioni nitatuma kitu kidogo.
Maneno yangu yalinukia sabuni.

Alinyamaza. Upepo wa huko ukaniingia sikioni.
Kisha akacheka, cheko kavu
la mtu anayehesabu huku akicheka.
"Kwa hiyo Nairobi mmeona," alisema.
"Mimi nilisikia tangu kikohozi cha kwanza.
Ninyi mpaka mkate.
Hebu niambie, mwanangu, huo muhuri wako
hauna ndugu yake, sindano,
anayejua njia ya kuja huku
wakati bado wanapumua?"

Simu ikakatika, au aliikata.
Nje lori lilikuwa linageuza kurudi kaskazini,
kinyesi kikiwa bado na joto sakafuni mwake,
turubai likipigapiga.
Lilikuwa tupu.
Lilikuwa na nafasi tele.