Kilemba cha Alumini

Aprili, Lewiston. Theluji imehama
na deni lake imeliacha barabarani:
mashimo ya upana wa sinia,
mengine ya kina cha sufuria ya shughuli,
yamejaa maji, yanajifanya kioo.
Chumvi ya miezi mitano imegandia milangoni
mpaka gari langu dogo
linaonekana limepakwa ukoko.

Lina miaka kumi na minne. Nililinunua kwa zamu za usiku,
kwa kugeuza wazee ubavu huu, ubavu ule,
kila baada ya saa mbili, wasichubuke.
Sasa lenyewe linalalia upande.
Usukani nikiunyoosha, nembo inatazama dirishani.
Tairi la kushoto limelika ukingo wa ndani.
Na nikiingia darajani kitu kinagonga: ko.
Kimya.
Ko.

Shemeji Mbonea, wa Worcester, kanitumia picha:
upau wa alumini, mwekundu, unang'aa kama bangili,
wa kufungwa toka mnara huu wa shokapu mpaka ule.
"Weka huu, shemeji. Gari litasimama kiume."
Dola mia na arobaini, kuletewa bure.
Nilikaa nao kwenye simu siku tatu
nikiukuza kwa vidole viwili.
Nikamwonyesha Senkondo, akasema: mzuri, mama.
Ni mzuri. Sikatai.

Lakini Jumamosi nilifungua boneti,
nikaazima rula ya chuma ya mwanangu,
nikailaza juu ya mnara wa kulia:
ikatulia, kifuniko na chungu chake.
Nikailaza juu ya wa kushoto,
ikachezacheza.
Bati limetuna. Limeinuka katikati
kama uyoga unaosukuma udongo,
na pembeni rangi imepasuka nyufa za unywele
ambamo kutu imeshaanza kuandika jina lake.

Hapo ndipo nilipojua pigo linatoka wapi.
Si ubavuni. Chini.
Kinu kimepinduliwa, mchi unatwanga kwenda juu,
maili nne za changarawe hadi kwa Bi Thibodeau,
maili nne kurudi, mara tano kwa wiki.
Upau huizuia minara isiegemeane,
kama boriti baina ya kuta mbili.
Ngumi ya kutoka sakafuni hauijui.
Ungekaa pale, mwekundu,
kilemba cha ukoka juu ya nundu.

Fundi Réjean alidunga mshono kwa bisibisi, akasikiliza.
Kiingereza chake kina Kifaransa cha bibi yake ndani,
changu kina Kipare; chuma kikatutafsiria.
"Hakijaoza," alisema. "Kimechoka."
Akatoa kwenye boksi vibati viwili, milimita tatu,
vyeusi, havina sura,
matundu matatu ya bolti na moja kubwa la katikati.
Atashusha shokapu. Atagonga uvimbe
kwa nyundo na kipande cha gogo mpaka rula inyamaze,
asugue, apake rangi, avibane kwa ndani,
ili kilichokuwa kidole kimoja kinachochoma
kiwe kiganja kinachosukuma.
Dola sitini, na kazi yake.

"Na upau?"
Aliinua mabega. "Baadaye, ukiupenda."
Nadhani naupenda. Nadhani hilo ndilo tatizo.

Jumatatu, shimo la tatu, lile la karibu na
sanduku la barua lililochorwa bata,
nililiona nimechelewa.
Du. Mara moja. Sauti nene, ya mlango wa ghala.
Nembo ya usukani ikabaki inanitazama mimi.
Nilimkuta Bi Thibodeau ameamka, bega la kushoto linamuuma;
nikamwekea mto, si mmoja chini ya bega,
bali miwili, toka shingoni mpaka kiunoni.

Jioni Mbonea akataka picha ya kazi mpya.
Nikampigia boneti, imefungwa, ina matope.
Amejibu kwa alama ya kuuliza.