Jana Mlikula Nini?

Gari la tathmini lilifika Kitangari saa nne,
jeupe, lenye vumbi letu jekundu hadi kwenye vioo.
Niliitwa mimi kwa kuwa nina fulana ya mhudumu wa afya
na Kimakonde cha kutosha.
"Zoezi fupi tu," alisema Leonila, akiwasha kishikwambi.
"Sera ya lishe imetimiza miaka mitano,
tunataka kujua imefika wapi."
Nikamwonyesha njia ya kwa Somoe Namkoko.

Swali la kwanza: jana mlikula nini?
Somoe akakunja vidole kimoja kimoja:
wali. Nyama ya ng'ombe. Mbaazi za nazi.
Kachumbari.
Machungwa, aliyaleta shemeji kutoka Masasi.
"Makundi matano!" Leonila akafurahi,
furaha ya kweli, si ya kazini,
na kioo kikawaka kijani.

Nilitafsiri kila neno.
Swali la "kwa nini" halikuwemo,
nami sitafsiri lisiloulizwa.

Nyumba ya pili: wali, nyama, mbaazi.
Ya tatu: wali, nyama, mbaazi, chungwa nusu.
Hadi adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kijani,
na uani kwa Somoe masufuria makubwa
yamelala kifudifudi, yamesuguliwa kwa mchanga,
yakingoja kurudishwa msikitini.

Njoo Februari, nilitaka kumwambia.
Njoo pesa ya korosho ikishalipa salfa na sare,
tukiwa porini tunafukua ming'oko,
kisha umuulize mtoto wa darasa la pili
saa sita shuleni huwa wanapata nini.
Atakujibu: kengele.
Korosho yetu ina daraja la kwanza na la pili,
inapimwa unyevu, inapewa stakabadhi,
inapanda lori na mafuta yake yote.
Watoto hawana daraja. Wana utepe.

Utepe ninao hapa mfukoni, rangi tatu.
Tangu Februari niliuzungusha kwenye mkono mmoja
wa mjukuu wa nyumba hii:
njano, njano, tena njano.
Septemba ukasimama kwenye nyekundu,
na kipande kilichobaki kilikuwa kirefu mno.
Niliandika rufaa ya Newala.
Rufaa ilikuwepo. Nauli ndiyo haikuwepo.
Nyama ya jana, ukitaka kujua, imekopwa
hadi mnada wa pili.

Kisanduku cha mwisho: Maoni mengineyo.
Leonila akanipa niandike mwenyewe,
"Wewe ndiye unayewajua."
Nikaandika kwa kidole kimoja, polepole:
Jana ilikuwa arobaini ya mtoto.

Akasoma. Akasoma tena.
Akamtazama Somoe, akayatazama masufuria.
Kisha akabonyeza "tuma", na duara likazunguka,
likazunguka.
"Mtandao," nikamwambia,
"hapa unashika kule ghalani tu, penye korosho."