Kitovu Hakikuzikwa

Nilikuwa nimepiga hatua arobaini na mbili
kabla ya kujua nimeingia uani kwa mtu:
kamba imetoka nguzo hii hadi ile,
sare ya shule inadondosha maji
juu ya maji.

"Hodi."
Nani hupiga hodi darajani?
Lakini nimeitikiwa: "Karibu. Inama, paa ni fupi."
Zulekha Nanzala, fundi cherehani,
mpangaji wa chumba cha tatu juu ya Nzoia,
pini mdomoni, futi shingoni.

Vibanda hivi, anasema, ni vya enzi za misafara,
mtoza ushuru alale juu ya ushuru wake.
Mtoza alikufa. Ushuru je?
Kanjo wa kata hii huja Jumatatu,
wa kata ile Alhamisi,
kwa kuwa mpaka umepita katikati ya meko.
"Nikisukuma sufuria huku, nadaiwa huku.
Paka tu ndiye hajaandikishwa."

Nacheka, kisha nataja jina nililokuja nalo:
Salama Nabwire, mama yake mama,
aliyezaliwa humu, usiku kama jina lake.

Zulekha anatema pini kiganjani.
Anasogeza gunia la vitambaa, anainua ubao,
na hapo chini, upana wa ndoo,
mto unapita, mwekundu, una haraka,
umebeba harufu ya molasi na bua moja la muwa.
"Wenzetu huzikiwa vitovu," anasema.
"Vya hapa vilipitia hapo."

Nimepiga magoti. Sijui niangalie nini.
Kitovu kimekwishafika ziwani
kabla mama yangu hajazaliwa.
Ila ile sauti,
ile sauti naijua!

Nyumba yetu ya Nakuru, mtaa wa Shabab,
nyanya aliacha mfereji wazi kila usiku,
uzi mwembamba wa maji ndani ya karai.
Tulimgombeza. Tulimwonyesha bili.
Baba alinunua mfereji mpya, kisha mwingine,
na mwaka wake wa mwisho akafunga maji kwa ufunguo,
akaweka ufunguo mfukoni.
Asubuhi tulimkuta macho, ameketi,
hakusema kitu.

Zulekha amerudisha ubao.
Ananiuliza kama nitakunywa chai,
na nitakaa upande gani wa meko,
maana leo ni Alhamisi.