Vyumba Vinaanza na Kumi

Wageni huuliza, begi bado mkononi:
mbona vyumba vyenu vinaanza na kumi?
Nawajibu kwamba tisa viko chini.
Hucheka. Hudhani ni mzaha wa mapokezi.

Chini ya zulia hili, chini ya saruji,
chini ya jiwe jeusi lililoshuka mlimani
kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala huruma,
kipo chumba namba nne na kitanda chake,
lipo dirisha lililokuwa likitazama ziwa,
ipo sabuni kwenye kisahani, karatasi haijachanwa.

Mama Katungu alirudi siku ya sita.
Soli za viatu zilimnata njiani.
Akaikuta ghorofa ya juu imekaa chini,
veranda ikigusa moto ulioganda.
Hakulia, wanasema. Alihesabu hatua
kutoka mlangoni hadi barabara ambayo haikuwepo,
akasema: basi, ngazi hatuzihitaji tena.

Mimi nilikuwa sijazaliwa.
Haya nimepewa pamoja na funguo.

Jiwe lilelile wakalivunja kwa nyundo,
chukudu zikalibeba, mafundi wakalipanga,
likawa ukuta wa jiko, ukuta wa dobi,
ukuta huu nilioegemea sasa.
Adui tukampiga lipu, tukampaka chokaa,
tukamtundikia picha ya sokwe na kalenda ya brasseri.

Ukifikiri yaliishia hapo, hujakaa Goma.
Kuna mwaka mpaka ulifungwa kwa sababu ya kikohozi
na kitabu cha wageni kikabaki na tarehe tupu.
Kila asubuhi tulitandika vitanda ishirini na viwili
vilivyolaliwa na hewa.
Nilimwuliza, Mama, kwa nini?
Kitanda kisipotandikwa husahau kazi, alisema,
na wewe pia.
Kuna Mei mlima ulipokohoa tena,
ardhi ikatikisika wiki nzima,
na ufa ukapita katikati ya kumi na saba
hadi leo. Tumeusogezea kabati.

Kuna majuma ya risasi.
Benki zikafunga, maji yakakatika,
Mumbere akapanda kutoka ziwani na bidoni mbili, mbili, mbili.
Watu wakashuka kutoka Sake na magodoro kichwani.
Mama akafungua ukumbi wa chakula.
Arobaini na mmoja walilala chini ya meza.
Akaniamuru niwaandike wote kitabuni, jina kwa jina:
Chumba: ukumbi. Bei: mstari mfupi.
Mtoto wa siku tatu hakuwa na jina,
nikaandika Mgeni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Sisi tulipona kidogo tu, mfano wa supu iliyoongezwa maji,
lakini jiko halikuzima.

Funguo tisa bado zimetundikwa nyuma yangu,
moja hadi tisa. Jumamosi nazisugua kwa majivu na limau.
Zinang'aa kuliko zile zinazofungua kitu.

Wiki iliyopita aliingia mzee mmoja, Birindwa,
muuza vitambaa wa Bukavu, kofia mkononi.
Hakuuliza bei. Alitazama ubao wa funguo.
Nilikuwa nne, alisema, usiku ule.
Nilitoka na kiatu kimoja.
Nikamshushia ufunguo. Akaupima kiganjani
kama mtu anayepima dhahabu au dawa.
Akanirudishia.
Nikampa kumi na tatu. Iko juu yake kabisa,
nilimwambia, ukuta kwa ukuta.

Usiku nilimsikia akigonga sakafu,
mara mbili, taratibu,
mtindo wa mhudumu aliyeleta taulo.
Akanyamaza muda mrefu.

Asubuhi alitaka chai ya tangawizi, omleti, sambaza.
Alikula zote. Akalipa, akadai risiti.
Nikapanda, hapana, hakuna ngazi, nikaenda tu,
nikabadilisha shuka.