Shingo ya Kiko

Mchuuzi wa Lyon aliuliza, theluji ingali mabegani:
kwa nini vingine vimenyooka mfano wa rula
na vingine vina shingo ya bata?
Baba hakuinua macho kwenye tupa yake.
Muulize Odile, alisema. Yeye ndiye mpindaji.

Nikaanza na meno.
Kiko kilichonyooka hukaa mbali na uso,
mzigo wote uko nchani, ndoo mwisho wa mpini,
na taya ndilo linalolipa.
Kilichopinda hushuka, huning'inia chini ya kidevu,
hakimdai mtu mkono.
Ami Hippolyte, fundi wa saa,
koleo mkono huu, mkono ule gurudumu dogo kuliko dengu,
hajagusa kilichonyooka tangu aoe.

Kisha mate. Uniwie radhi, ndiyo kazi yetu.
Moshi una maji ndani yake.
Njia ikinyooka, kijiti cha kusafishia hupita
hadi mwisho bila kubisha hodi.
Penye kona maji hutuama
na kiko huanza kukoroma, paka mwenye mafua.

Na yuko Mwalimu Thévenin,
ambaye akitafuta Strasbourg kwenye ramani
huionyesha kwa kiko.
Jaribu kuonyesha mji kwa kitu kilichopinda:
watoto wote watakwenda Uswisi.

Mchuuzi akacheka. Akachukua dazeni mbili,
kumi na saba vya kupinda.

Nisichomwambia ni hiki:
hakuna kinachozaliwa kimepinda.
Keekee haijui kona.
Kila mrija tunautoboa ungali umenyooka,
mweusi, wa mpira uliopikwa na salfa,
ndipo naufukia kwenye mchanga wa moto,
nahesabu hadi tisini,
nautoa ukiwa laini kama ndewe ya sikio,
naulaza juu ya goti la mbao,
naushikilia, nangoja upoe.
Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Watu hao hawajashika mpira huu.
Huu hukunjika hata uzeeni, mradi uone moto.

Baba alivuta kilichonyooka miaka arobaini na mmoja.
Cha kupinda, alisema, ni cha watu wa kuegemea.
Kisha Februari ile upande wake wa kushoto ukagoma,
mdomo ukateremka,
na kiko kikawa kinaanguka: shukani, kifuani,
mara mbili kikatoboa blanketi.
Kiko kiko wapi, Odile?
Kiko chini ya kitanda, baba.
Kiko wapi sasa?
Kiko hapa. Ninacho mimi.

Usiku nikashuka nacho karakanani.
Sikuwasha taa kubwa.
Nikahesabu hadi tisini, nikapoteza hesabu,
nikaanza tena.
Asubuhi akakipapasa kwa kidole gumba,
akafika kwenye pindo, akasimama hapo
muda wa kunywa kahawa nusu kikombe.
Akakiweka upande wa kulia wa mdomo.
Kikakaa.
Siku ya tatu akasema: Kinakoroma.
Nikasema: Najua.

Alikivuta hivyo hadi barafu ya Mto Bienne ilipokatika,
na siku chache baadaye.

Wiki iliyopita nikautia mrija wake mchangani.
Sikuwa na nia yoyote, nilitaka kuutoa ukungu tu,
ule wa kijani unaoota pale meno yalipokaa.
Sikuuvuta. Sikuugusa hata kwa ukucha.
Mpira huo husahau polepole kuliko sisi:
ukajiinua wenyewe kutoka mchangani,
kidogo, kidogo tena,
kama mzee aliyesikia jina lake likiitwa mlangoni,
ukanyooka.

Nikauweka mezani upoe.
Ami Hippolyte alikuwa akiniita, supu inapoa.
Nikaenda kula.