Kadi ya Bosibori

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa saa
kiwandani, hapa Nakuru, lango la nyuma.
Ukichelewa dakika sita nakukata robo saa.
Walinichukia, na walikuwa na haki.

Kiwanda kilipofungwa niliondoka na vitu vitatu:
koti la kijivu, penseli,
na bunda la kadi zisizo na majina.

Sasa nakaa Kaptembwo, juu ya stuli, mlangoni.
Mkono uliozoea kuhesabu haukosi cha kuhesabu.
Jumatatu moja nikatoa kadi, nikaandika: Bosibori.

Saa kumi na nusu alfajiri, kaamka.
Saa kumi na moja, foleni ya maji, mitungi minne.
Uji. Sare ya Nyanchera imekatika kifungo,
kakishona mtoto akiwa ameivaa.
Saa moja na nusu kashika njia kwa miguu, Milimani,
kufua nguo za watu.
Hapo nikaandika KAZI, kwa herufi kubwa.

Saa tisa karudi, kainamia karai letu,
kafua shati langu.
Penseli ikasita.
Sabuni ni ile ile ya mche.
Mgongo ni ule ule. Povu halijui
linamfurikia nani.
Kule hulipwa mia nne. Huku
safu iliyobaki kwenye kadi ilisema MAPUMZIKO.

Nikaendelea. Mkaa. Dengu za kuchambua.
Mama wa jirani, kumgeuza kitandani.
Ugali. Hesabu za Nyanchera, saba mara nane, saba mara nane.
Kadi ikajaa. Nikaigeuza, ikajaa.
Kiwandani, mtu wa saa hizi
tungemshuku anaiba ovataimu.

Yangu ilitosha mstari mmoja:
kakaa, kaandika, kala.

Jumatano aliikuta kadi chini ya sahani.
Aliisoma kwa kidole, polepole,
kama barua kutoka shuleni.
Nilingoja machozi, au matusi.
Akaniomba penseli.

"Hapa umekosea. Saa nane usiku
umeandika kalala.
Sikulala. Nilikuwa nakusikiliza ukikohoa."

Akaenda kuloweka maharagwe.

Nikafuta lile neno, nikatoka nje.
Karaini mlikuwa na soksi zangu,
zimelowa tangu jioni.
Nikakunja mikono ya shati.
Miaka yote hiyo, na sikujua
sabuni huwekwa wapi.